Parseli moja, madaftari mawili: namna ya kutafuta na kusoma kumbukumbu za ardhi na za kodi mjini Lubumbashi

"Karatasi zote ziko." Hayo ndiyo maneno ambayo mnunuzi wa parseli, yaani kiwanja, mjini Lubumbashi huyasikia kabla hata hajaketi, na kwa kawaida hufuatwa na bahasha ya kaki iliyochakaa ambamo mna risiti za kodi, mkataba wa mauzo wa miaka iliyopita, karatasi yenye muhuri wa komini (ofisi ya sehemu ya mji) na, bahati ikiwepo, fotokopi ya sertifika, ile hati inayothibitisha haki juu ya ardhi. Nyingi kati ya karatasi hizo huwa za kweli kabisa. Shida huanzia pale ambapo kila karatasi inajibu swali lake, na mtu asiyejua ni swali lipi linaloulizwa huchukua jibu la swali moja akaamini kwamba amejibiwa yote. Risiti ya kodi humwambia nani alilipa. Haimwambii nani ana haki juu ya ardhi. Sertifika humwambia nani ana haki. Haimwambii kama kodi ya mwaka jana ililipwa.

Sababu ni kwamba parseli moja huandikwa katika madaftari mawili yaliyo chini ya mamlaka mbili. Mambo ya ardhi ni ya Serikali kuu ya Kongo, kupitia Wizara ya Mambo ya Ardhi, na hapa mjini yanashikwa na konservatere wa hati za ardhi pamoja na watu wa kadastri, wanaopima viwanja na kuvipa namba. Kodi ya ardhi, ambayo kwa Kifaransa huitwa "impôt foncier", ni mali ya mkoa: Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 204, inaitaja kwa jina, pamoja na kodi ya mapato ya pango na kodi ya magari, miongoni mwa mambo yaliyo ya mikoa peke yake. Katika Haut-Katanga, mkoa wetu, anayeikusanya ni Direction des Recettes du Haut-Katanga, ambayo kila mtu anaijua kwa kifupi chake, DRHKAT. Anayetaka kuijua parseli vizuri hana budi kupita pande zote mbili, kisha akayalinganisha madaftari hayo yeye mwenyewe.

Ndugu zetu walioko Marekani hutusimulia kwamba kule mtu hufungua tovuti ya kaunti, akaandika namba ya nyumba na jina la barabara, akaona jina la mwenye nyumba, thamani iliyokadiriwa na kiasi cha kodi cha kila mwaka. Ni kweli, ingawa hata kule kazi mara nyingi imegawanywa: katika kaunti ya Dallas, kwa mfano, ofisi inayokadiria thamani si ile inayopokea fedha, na kinachoziunganisha ni namba ya parseli. Tofauti kubwa ni mbili. Kwanza, kodi yao hutegemea thamani ya nyumba sokoni, ilhali yetu, kwa msingi wa sheria ya 1969, hutegemea mahali, aina ya jengo na ukubwa wake. Pili, kwetu hakuna dirisha moja la kuchungulia. Kuna ngazi za kupanda na barua za kuandika. Lakini lile wazo la namba moja inayounganisha kila kitu linafaa hata hapa, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na namba.

Kusanya namba na majina kabla ya kutoka nyumbani

Parseli ya Lubumbashi ina namba mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni namba ya avenyu, ile iliyopakwa rangi ukutani au kwenye lango, ambayo mgeni huitumia kukutafuta. Ya pili ni namba ya kadastri, ambayo haiandikwi ukutani hata siku moja; iko kwenye plani na kwenye sertifika, na mara nyingi hutanguliwa na herufi SU kwa maeneo ya mji au SR kwa maeneo ya mashamba. Konservatere hufanya kazi kwa namba ya pili. Anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu walipa kodi huanza na ya kwanza, kwa sababu ndiyo anayoiona. Usipokuwa nazo zote mbili, utaulizwa namba ya kadastri ukatoa ya avenyu, na utajibiwa kwa adabu kwamba parseli yako haipo.

Mama mkubwa wangu wa Katuba alijifunza jambo hili kwa gharama. Namba za avenyu yao zilipakwa upya, naye, kwa nia njema, akaanza kutaja namba mpya kila alipokwenda kulipa, bila kueleza kwamba nyumba ni ileile. Kwa miaka kadhaa malipo yake yalikaa chini ya namba ambayo zamani ilikuwa ya jirani, na nyumba yake ikaonekana kama nyumba ya mtu asiyelipa. Kila risiti aliyokuwa nayo ilikuwa halali; ila hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Namba ya kadastri nayo hubadilika. Parseli kubwa ikikatwa vipande, kila kipande hupata namba mpya, na namba mama hufutwa; parseli mbili zikiunganishwa, zote mbili huacha namba zao. Kwa hiyo uliza kama parseli imewahi kukatwa au kuunganishwa, na andika namba ya zamani kando ya mpya.

Upande wa majina unahitaji subira zaidi, hasa kwa parseli za kizazi cha wazazi wetu. Mji huu uliitwa Elisabethville hadi 1966. Nchi iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997, na katika miaka hiyo mkoa wetu uliitwa Shaba, huku komini zikiitwa "zones". Hivyo sertifika iliyoandikwa "Région du Shaba, Zone de Kampemba" si ya kutiliwa shaka kwa sababu ya maneno hayo. Ni umri wake tu unaojitaja. Baada ya 2015, Katanga ilipogawanywa, karatasi zilianza kubeba jina la Haut-Katanga, na risiti za kodi za kabla ya hapo zina jina la mkoa wa zamani. Tena, tangu 1972 watu walitakiwa kuacha majina ya Kikristo. Mzee aliyeitwa Joseph kanisani na nyumbani anaweza kuwa ameandikwa kwenye sertifika ya 1984 kwa majina matatu ya asili bila Joseph hata mahali pamoja, kisha kadi yake ya mchaguzi ya miaka ya karibuni ikamrudishia Joseph. Unapotafuta, beba majina yote aliyowahi kuyatumia, na tahajia zote; Tshibangu na Cibangu ni watu wawili kwa macho ya daftari.

Mwisho, hakikisha unajua komini na kartie (mtaa ndani ya komini) kwa usahihi. Mji una komini saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Pembezoni mwa Annexe mipaka huleta ubishi usiokwisha, na watu wa avenyu moja wanaweza kukutajia kartie mbili tofauti. Shefu wa kartie ndiye wa kuulizwa.

Kwenye ofisi ya ardhi

Mji hauna konservatere mmoja tu; umegawanywa katika maeneo ya kiardhi, kila eneo na ofisi yake na madaftari yake. Jambo la kwanza la kuuliza, kabla ya kuandika chochote, ni kama parseli yenye namba hiyo iko chini ya ofisi uliyoingia. Watu wamepoteza majuma mawili wakisubiri jibu kutoka mahali ambapo daftari lao halikuwahi kuwepo.

Ombi huandikwa kwa barua, kwa Kifaransa, ikielekezwa kwa konservatere. Haihitaji maneno ya kupamba. Taja jina lako na anwani yako, namba ya kadastri, komini, kartie na avenyu, na namba ya volumu na folio kama unazo. Kisha sema unachotaka kujua: parseli imeandikwa kwa jina la nani, kwa haki ya aina gani, tangu tarehe ipi, kwa ukubwa gani, na kama ina rehani, pingamizi au kesi iliyoandikwa juu yake. Ambatanisha fotokopi ya kitambulisho chako na ya karatasi uliyooneshwa. Chapa nakala mbili, moja uiache, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Bila muhuri huo, barua yako ni hadithi tu.

Mwenye parseli mwenyewe akikubali kufuatana nawe hadi ofisini, mambo huwa mepesi sana, na kukubali au kukataa kwake ni habari tosha. Mwuzaji anayesema "Papa, usijisumbue kwenda huko, mimi ninawajua wote" amekwisha kukuambia jambo ambalo hakukusudia kukuambia.

Kuna ada za kulipa kwa baadhi ya huduma. Ada za ardhi zinazokwenda Serikali kuu huandikiwa hati ya malipo, ile "note de perception", kupitia DGRAD, idara ya Serikali kuu inayosimamia ada, na hulipwa benki; unarudi ofisini na uthibitisho wa benki. Fedha inayotolewa mkononi koridoni haiachi alama yoyote kwenye jalada lako. Kuhusu wale komisionere, yaani madalali, wanaokaa nje ya ofisi wakikuita "Mama" au "Kubwa" kwa upole mwingi, sitasema wote ni wabaya, kwa kuwa wapo wanaojua kweli ni mlango upi unafunguliwa saa ngapi. Lakini kazi ya kuuliza iwe yako, na jibu lisomwe na wewe mwenyewe.

Kusoma sertifika mstari kwa mstari

Sheria ya msingi ni ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa na sheria ya tarehe 18 Julai 1980. Kifungu chake cha 53 kinasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Haiuzwi, na haipotei kwa kukaliwa na mtu mwingine muda mrefu. Raia hupewa haki ya kuitumia, na kifungu cha 219 kinaeleza kwamba haki hiyo huthibitishwa kisheria na sertifika ya uandikishaji tu, yaani "certificat d'enregistrement". Kwa hiyo ukisikia mtu anajiita mwenye ardhi, kisheria anachomiliki ni haki iliyoandikwa katika sertifika hiyo, pamoja na majengo aliyojenga juu yake.

Juu kabisa tafuta volumu na folio. Sertifika hutengenezwa katika nakala mbili: moja hubaki ndani ya daftari la konservatere, nyingine hupewa mwenye haki. Volumu ni kitabu chenyewe, folio ni ukurasa wake. Kazi nzima ya uhakiki ni kumwomba mtu wa ofisi afungue volumu hiyo kwenye folio hiyo, aone kama kilichomo kinafanana na kilichomo mkononi mwako. Sertifika ya kughushi inaweza kuwa na karatasi nzuri, muhuri mzuri na sahihi nzuri, lakini haiwezi kujiweka yenyewe ndani ya kitabu. Ukurasa ule utakuwa na jina la mtu mwingine na parseli nyingine.

Kisha soma aina ya haki. Konsesio ya kudumu, "concession perpétuelle", hupewa raia wa Kongo aliye mtu binafsi, na haina mwisho mradi masharti yanatimizwa. Kampuni na wageni hupata konsesio ya kawaida, "concession ordinaire", ambayo ina muda. Zile zinazoonekana zaidi, "emphytéose" na "superficie", ambazo ni haki za kutumia ardhi ya Serikali kwa muda, hazizidi miaka 25, ingawa zinaweza kufanywa upya. Hapa ndipo wengi huteleza: wananunua jengo kubwa la kampuni, sertifika ni safi, hakuna rehani, lakini hawapigi hesabu ya miaka iliyobaki. Angalia tarehe ya kuanza, jumlisha muda, na uone kinachobaki kabla ya kujadili bei.

Ukubwa huandikwa kwa ari na sentiari. Ari moja ni mita za mraba 100, na sentiari moja ni mita ya mraba 1. Ukiona "5 a 40 ca", hiyo ni mita za mraba 540. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 ni ari 3, na cha 20 kwa 25 ni ari 5. Mimi hupenda kubeba kamba ya kupimia: ukikuta ukuta umezunguka mita za mraba 620 huku sertifika ikisema 540, basi hizo 80 ni za mtu mwingine, huenda za jirani, huenda za barabara ambayo mji haujaichonga bado. Mchoro mdogo ulio kwenye sertifika unaonyesha pembe na mawe ya mpaka. Yatafute mawe hayo ardhini, hata ikibidi kufukua kidogo chini ya maua ya Mama mwenye nyumba, kwa ruhusa yake.

Usimalizie kwenye jina na mchoro. Soma sehemu ya mizigo, ambako rehani ya benki huandikwa, na maelezo yoyote yaliyoongezwa baadaye. Rehani huandikwa kwenye nakala ya daftari pia, na ndiyo sababu nyingine ya kutoridhika na fotokopi: fotokopi iliyopigwa miaka mitatu iliyopita haijui mkopo uliochukuliwa mwaka jana.

Hatimaye itazame tarehe. Kifungu cha 227 kinaipa sertifika nguvu kubwa ya ushahidi, na baada ya miaka miwili haiwezi tena kushambuliwa ili ifutwe. Anayedai ameonewa hubaki na njia ya kudai fidia. Kanuni hiyo ina makali pande mbili. Anayenunua parseli yenye sertifika ya miezi minne ajue kwamba muda wa watu kuipinga bado uko wazi, na aulize sertifika iliyotangulia ilikuwa ya nani. Na anayesikia kwamba mtu fulani amejitengenezea sertifika juu ya parseli ya familia yake asisubiri mkutano wa ukoo wa mwezi wa nane. Aende kwa wakili juma hilohilo.

Karatasi ambazo si sertifika

Mkataba wa kukodishiwa na Serikali, ule "contrat de location", ni hatua halali ya kuelekea sertifika: hutolewa kwa kawaida kwa miaka mitatu ili mtu ajenge na kuendeleza ardhi, ndipo apewe konsesio. Ni karatasi ya maana, lakini ina muda, na muda wake ukipita bila kujengwa wala kuombewa nyongeza, ofisi inaweza kuigawa parseli kwa mwingine. Fiche ya parseli au cheti cha kukaa kinachotolewa na komini huonyesha kwamba mtu anajulikana pale. Hakimpi haki mbele ya mwenye sertifika. Karatasi ya chifu wa kimila, inayozunguka sana katika maeneo mapya ya Annexe, huonyesha kwamba mlizungumza na wenyeji, jambo jema, lakini njia ya kuelekea kwa konservatere inabaki palepale. Mkataba wa mauzo, hata ukipitishwa kwa notari, ni wa watu wawili waliokubaliana. Haki yenyewe huhama pale jina linapobadilishwa kwenye daftari.

Kama aliyeandikwa amefariki, mwulize mwuzaji uamuzi wa mahakama unaowatambua warithi, ujulikanao kama "ordonnance d'investiture". Na kama mwuzaji ana mke au mume, sahihi ya wote wawili inahitajika, kwa kuwa Kanuni ya Familia ya 1987 inataka makubaliano ya wanandoa kwa kuhamisha haki ya ardhi, bila kujali jina lililo kwenye sertifika ni la nani kati yao.

Upande wa kodi

Kabla ya kuingia, tuondoe utata mmoja. Neno letu kodi linabeba mizigo miwili: fedha anayolipwa mwenye nyumba na mpangaji wake, na fedha anayolipwa mkoa. Kwenye dirisha la ofisi sema "impôt foncier" na hutaeleweka vibaya. Hapa ninaita pango ile ya mpangaji, na kodi ile ya mkoa.

Kodi ya ardhi ina mizizi katika amri yenye nguvu ya sheria namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969. Mpango wake ni rahisi kuuelewa ukiuondoa lugha ya kiofisi. Maeneo yamepangwa katika ngazi nne, na kila ngazi ina viwango vyake. Ngazi ya kwanza ndiyo ghali zaidi. Ndani ya ngazi hutazamwa aina: villa hutozwa kwa kila mita ya mraba, jengo la ghorofa na nyumba za kawaida zina viwango vyake vya jumla, na kiwanja kisichojengwa kina chake. Kwa hiyo nyumba mbili za ukubwa mmoja, moja ikiwa Golf, kartie ya kifahari, na nyingine kwenye kartie ya pembezoni, hazilipi sawa. Na nyumba mbili zinazotazamana kwenye avenyu moja zinaweza zisilipe sawa vilevile, kwa kuwa moja imeandikwa villa na nyingine imeandikwa nyumba ya kawaida. Viwango vyenyewe huwekwa na mkoa na hubadilika, hivyo omba uoneshwe jedwali la mwaka unaoulizia, wala usitegemee kiasi alichokutajia jirani.

Mwenye parseli anatakiwa kutoa tamko kila mwaka, na tarehe ya sheria ni 1 Februari, ingawa mkoa unaweza kusogeza mbele muda wa kulipa. Tamko hilo ndilo daftari unalolitafuta. Nenda na majina, namba zote mbili na risiti za zamani, na uombe hali ya parseli kwa miaka iliyopita. Binafsi naomba miaka mitano, kwa sababu mwuzaji aliyelipa mwaka mmoja tu, tena juma moja kabla ya kutangaza kuuza, huwa ana madeni nyuma yake.

Risiti isome kwa mpangilio. Mwaka wa kodi si tarehe ya malipo: mtu anaweza kulipa mwezi Machi 2025 deni la 2022, na anayesoma haraka akadhani 2025 imekwisha. Kisha jina la mlipaji, ambalo linaweza kuwa la mpangaji au la mtoto wa mwenye nyumba, bila kosa lolote. Kisha anwani na namba, kisha ngazi na aina, kisha mita au idadi iliyotozwa, kisha kiasi, na mwishoni adhabu kama malipo yalichelewa. Kiasi cha kwenye hati ya malipo kifanane na cha kwenye karatasi ya benki hadi faranga ya mwisho. Karatasi hizo mbili zishikwe kwa pini moja na zisitenganishwe, kwa sababu hati bila karatasi ya benki ni deni, na karatasi ya benki bila hati haisemi ililipwa kwa ajili ya nini.

Ipo pia misamaha. Mali ya Serikali na majengo ya dini, ya elimu au ya hisani yasiyoleta faida yana masharti yake, na mzee au mjane anayeishi mwenyewe katika nyumba yake aulize waziwazi kama anahusika. Msamaha hauji wenyewe: huombwa, tena kwa tamko lililoandikwa. Nimewajua wajane waliokaa kimya wakidhani kimya chao kinaeleweka, na deni likaendelea kuandikwa.

Ikiwa nyumba inapangishwa, kuna kodi ya pili, ile ya mapato ya pango. Katika sheria nyingine ya 1969, ile ya kodi za mapato, kiwango kilichozoeleka ni asilimia 22, ambapo mpangaji hukata asilimia 20 na kuzipeleka, na mwenye nyumba humalizia iliyobaki. Hapa pia uliza mkoa unadai kiasi gani mwaka huu. Kwa mnunuzi, daftari hili lina faida ya pembeni: linaonyesha kama kuna wapangaji wenye mikataba, hata pale mwuzaji anapodai wale watu wa nyuma ni wajomba zake.

Madaftari yasipokubaliana

Sasa weka karatasi za ofisi ya ardhi kushoto na za kodi kulia. Karibu kila mara utakuta tofauti, na nyingi hazina hatia. Jina la marehemu baba kwenye kodi na la mtoto kwenye sertifika: mtoto alibadilisha upande mmoja akausahau wa pili. Kodi ya kiwanja kitupu huku kuna nyumba ya vyumba sita: mtu alijenga bila kutamka, na tofauti inaweza kudaiwa siku yoyote, kwa hiyo iingie katika mazungumzo ya bei. Mita za mraba kubwa kuliko za plani: omba wapime upya. Lakini sertifika ikiwa na jina la mtu mmoja na kodi ikilipwa miaka yote na familia nyingine kabisa, simama hapo. Mara nyingi kuna mgogoro uliolala, na risiti zile zinawekwa ili siku moja zioneshwe mahakamani.

Kosa la daftari husahihishwa na daftari lenyewe. Andika barua kwa ofisi husika, eleza kosa moja kwa kila barua, ambatanisha uthibitisho, na uchukue muhuri wa kupokelewa. Mama mkubwa aliandikiwa upya malipo yake alipopeleka sertifika yenye namba ya kadastri, barua ya shefu wa kartie iliyoeleza kwamba namba ya avenyu ilibadilishwa, na risiti zote kwa mpangilio wa miaka. Ilichukua safari nne, na katika kila safari alikwenda na daftari dogo la shule ambamo alikuwa akiandika tarehe, dirisha na jibu alilopewa.

Ukishanunua, mkataba utaje wazi nani analipa kodi ya mwaka huo na nani anabeba ya nyuma. Fuatilia kubadilisha jina hadi sertifika ya zamani ifutwe na mpya itoke kwa jina lako, na usiache bakaa ya malipo ikiwa mkononi mwa mwuzaji kabla ya siku hiyo kama unaweza kukubaliana naye hivyo. Kisha chukua fotokopi ya sertifika mpya, uipeleke upande wa kodi, na uombe jina la zamani liondolewe na namba ya kadastri iandikwe kando ya namba ya avenyu. Wengi huishia kwa konservatere wakasherehekea. Ndiyo maana katika mji huu bado wapo marehemu wanaoandikiwa hati za malipo kila mwaka.